Mwani wa hadubini, mawese au mafuta yaliyokwisha kukaangia: kipi kichaguliwe kwa biodizeli mjini Lubumbashi?

Katika mitaa ya Katuba, Kenya na Ruashi hapa Lubumbashi, umeme ukikatika, mwenye mashine ya kusaga mahindi huwasha injini ya mazutu, yaani dizeli, na bei ya kusaga ndoo moja hupanda siku hiyo hiyo. Kwa hiyo sikushangaa wazee watatu wa kikundi cha wasagaji walipokuja nyumbani kwangu na swali walilolipata kwenye simu ya kijana wao. "Mwalimu," aliniambia mkubwa wao, "tumesoma kwamba kuna kijani cha maji kinachotoa mafuta kushinda mchikichi mara kumi. Tuna parseli ya mita 15 kwa 20 kwenye njia ya Kipushi. Tuchimbe bwawa?" Nilimjibu, "Papa, nipe wiki moja nipige hesabu."

Ulinganisho huu umetokana na hesabu hizo. Unamlenga mtu aliye katika hali kama yao: ana kiwanja kidogo, ana injini ya dizeli inayomla fedha kila wiki, na mtaji wake hauruhusu kukosea mara mbili. Nimepima kila njia kwa kipimo kimoja tu, yaani lita moja ya mafuta yaliyo tayari kuingia kwenye injini, kwa sababu kipimo cha hekta, ambacho ndicho kinachotajwa sana, humpendeza msomaji na kumficha yatakayompata baada ya kuchimba.

Mwani wa hadubini, ambao watu wa maabara huuita mikroalga, ni viumbe vya chembe moja vinavyoyageuza maji ya ndoo iliyosahauliwa nje kuwa ya kijani. Hauna mizizi wala shina la kulisha, kwa hiyo nguvu ya jua unayoipata huenda moja kwa moja kwenye kuongezeka, na baadhi ya aina zake za maji yasiyo na chumvi, kama Chlorella na Scenedesmus, huweka akiba ya mafuta ndani ya chembe. Mafuta hayo ni ya jamii moja na mawese, karanga na alizeti, na hugeuzwa kuwa biodizeli, yaani mafuta ya kutumika kwenye injini ya dizeli, kwa njia ile ile: yanapashwa moto, yanachanganywa na methanoli iliyoyeyushiwa soda kali, kisha gliserini hutuama chini na biodizeli hubaki juu. Hatua hii ya mwisho haitofautiani sana kati ya njia ninazozilinganisha. Tofauti kubwa iko nyuma yake, katika kuyapata mafuta yenyewe.

Ile "mara kumi" aliyoisoma Papa yule haikubuniwa. Mwaka 2007, Yusuf Chisti wa Chuo Kikuu cha Massey, New Zealand, alichapisha makadirio kwamba mwani wenye mafuta asilimia 30 ungeweza kutoa lita 58,700 kwa hekta kwa mwaka, wakati mchikichi hutoa lita 5,950, mbono (jatropha) lita 1,892 na soya lita 446. Makadirio ya mwani yalitokana na ukuaji uliopimwa kwenye mirija iliyofungwa, kisha ukazidishwa hadi kufikia hekta nzima. Anayenakili tarakimu hiyo kwenye simu kwa kawaida huliacha neno "ungeweza".

Hesabu ya parseli moja

Tuchukue parseli ile ya mita za mraba 300 na tuifanye yote kuwa bwawa, bila hata kuacha njia ya kupita. Bwawa la wazi lisilopashwa joto, likiendeshwa na watu makini, hutoa kiasi cha gramu 10 za mwani mkavu kwa kila mita ya mraba kwa siku. Gramu 20 ni kazi ya mtaalamu katika mwezi mzuri. Kwa gramu 10, parseli itatoa kilo 3 za mwani mkavu kwa siku. Tukisema asilimia 20 ya uzito huo ni mafuta, na tukisema pia kwamba hakuna hata tone litakalopotea wakati wa kukamua, tunapata gramu 600, ambazo ni lita 0.65 hivi. Injini ya mashine ya kusaga yenye nguvu za farasi 10 ikifanya kazi kwa mzigo kamili hunywa karibu lita 2 kwa saa. Maana yake ni kwamba parseli nzima, pamoja na mtu wa kuilinda na kuikoroga kutwa, inanunua dakika 20 za kusaga.

Nilipofika hapo niliirudia hesabu mara mbili, nikidhani nimedondosha sifuri mahali fulani.

Kwa ajili ya haki, niliipiga pia hesabu ya paneli za sola, ingawa hakuna aliyeniuliza. Lita 0.65 ya biodizeli ikichomwa ndani ya injini ndogo inatoa kazi isiyozidi kilowati-saa 2. Jua la Lubumbashi huleta wastani wa kilowati-saa 5 au zaidi kidogo kwa kila mita ya mraba kwa siku, na paneli ya kawaida hugeuza karibu asilimia 18 ya nguvu hiyo kuwa umeme. Paneli za mita mbili za mraba, zinazotoshea juu ya kibanda cha mlinzi, zinakaribia kazi ya bwawa zima la mita 300. Najua kwamba paneli huhitaji betri na kwamba mwizi huipenda kuliko anavyoipenda ndoo ya maji ya kijani, lakini pengo la namna hiyo haliwezi kuzibwa na betri.

Bwawa la wazi na mirija iliyofungwa

Anayetaka kuulima mwani licha ya hayo ana njia mbili. Ya kwanza ni bwawa la wazi lenye umbo la uwanja wa mbio, kina cha sentimita 15 hadi 30, na gurudumu la makasia linaloyazungusha maji ili kila chembe ipate zamu yake ya jua. Ya pili ni mirija au mifuko ya plastiki inayopitisha mwanga, ambayo maji husukumwa ndani yake na hewa ukaa hupulizwa humo. Bwawa ni rahisi kujenga, lakini mwani ndani yake hubaki mwembamba, kiasi cha nusu gramu kwa lita. Mirija hufikia gramu 2 hadi 4 kwa lita na huzuia wadudu wasiingie, ila gharama yake ya ujenzi huizidi ya bwawa mara nyingi, pampu haipumziki, oksijeni inayozalishwa hujaa ndani na kuusumbua mwani wenyewe, na jua la Oktoba linaweza kuyachemsha maji yasiyo na kivuli wala kinyunyizio.

Mjini kwetu kuna mambo manne ambayo vitabu vya nje havimwambii mtu, na yote yanaliumiza bwawa la wazi zaidi.

La kwanza ni baridi. Watu wakisikia Kongo hufikiria joto la msituni, lakini Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Serikali ya Marekani iliendesha mpango wa utafiti wa mafuta ya mwani kuanzia mwaka 1978 hadi 1996, na kwenye mji wa Roswell, New Mexico, ulio karibu mita 1,100 juu ya bahari, watafiti walichimba mabwawa mawili ya mita za mraba 1,000 kila moja. Kulikuwa na siku walizopata gramu 50 kwa mita ya mraba. Kilichowashinda ni kuzipata gramu hizo mfululizo, kwa sababu baridi ya mahali pale iliurudisha mwani nyuma. Sisi tuna afadhali ya kutokuwa na theluji, lakini atakayepanga mavuno ya Julai kwa kutumia tarakimu za Septemba atajidanganya.

La pili ni mvua. Kuanzia Novemba hadi Machi mvua kubwa huingia bwawani, huyachanganya maji na tope, huupunguza wingi wa mwani kwa kila lita, na mawingu huziba jua. Wakati wa kiangazi mambo hugeuka: maji yakipungua milimita 5 kwa siku kwa kukauka tu, parseli ile inadai lita 1,500 za maji mapya kila siku, na asiye na kisima chake atazinunua.

La tatu ni wageni. Daphnia na rotifa, ambao ni wanyama wadogo wa majini, huja kwa upepo na kwa miguu ya ndege, na wakizaliana wanaweza kulisafisha bwawa la kijani katika siku chache hadi uone sakafu.

La nne ndilo linaloihusu nchi yetu hasa, nalo ni shaba. Salfati ya shaba ni dawa inayotumika duniani kote kuua mwani kwenye mabwawa. Sisi tunaishi juu ya shaba, na vijito vingi vya mji huu vimepita kwenye udongo wa madini au kwenye mabaki ya viwanda kabla ya kutufikia. Mimi mwenyewe niliweka beseni mbili nyuma ya nyumba, moja kwa maji ya kisima cha jirani na nyingine kwa maji ya kijito yaliyoonekana masafi zaidi, nikazitia mbegu ya kijani kutoka ndoo moja na kijiko kimoja cha yurea kila moja. Baada ya siku nane beseni ya kisima ilikuwa kijani kibichi. Ile ya kijito ilikuwa safi kama siku ya kwanza, na chini yake palikuwa na vumbi la rangi ya majani makavu. Sikuwa na kipimo cha maabara cha kuthibitisha sababu, lakini tangu siku hiyo namshauri kila mtu ajaribu beseni kabla ya kununua turubai la bwawa.

Kuna pia wanaosema kwamba mwani ungelishwa moshi wa viwanda vya kuyeyushia madini, kwa kuwa hewa ukaa imejaa humo. Ni kweli kwamba kilo moja ya mwani hula kiasi cha kilo 1.8 za hewa ukaa. Ila moshi wa kuyeyushia madini yenye salfa hubeba pia gesi ya salfa, inayoyafanya maji kuwa tindikali, kwa hiyo hauwezi kuingizwa bwawani bila kuoshwa kwanza, na mwenye mtambo wa kuuosha si msagaji wa Katuba.

Chakula cha mwani nacho kina bei. Kilo 3 za mwani kwa siku hubeba karibu gramu 210 za nitrojeni, ambayo ni sawa na yurea gramu 450. Kwa mwaka ni zaidi ya magunia matatu ya kilo 50, na malipo yake ni lita 237 za mafuta. Mkulima wa mahindi akiyapata magunia hayo hayo anajua la kuyafanyia. Mtu anaweza kutumia maji ya banda la nguruwe badala ya yurea, na hapo hesabu hubadilika kidogo, kama nitakavyoeleza mbele. Tena kuna mtego ambao wauzaji wa ndoto hawautaji: mwani hujaza mafuta mengi pale unaponyimwa nitrojeni, na ukinyimwa nitrojeni hupunguza kukua. Asilimia 40 ya mafuta na ukuaji wa kasi ni vitu viwili ambavyo kwa kawaida havikai kwenye bwawa moja kwa wakati mmoja.

Kuvuna na kukausha

Hadi hapa nimezungumzia kilimo, na kilimo ndiyo sehemu rahisi. Ili kupata lita moja ya mafuta unahitaji kilo 4.6 za mwani mkavu. Kwa bwawa la nusu gramu kwa lita, hizo zimo ndani ya lita 9,200 za maji. Kwa mirija ya gramu 3 kwa lita, ni lita 1,500 hivi. Parseli yetu ingelazimika kuchuja lita 6,000 kila siku, siku za Jumapili zikiwemo, kwa sababu mwani usiovunwa hujifunika kivuli wenyewe na kuacha kukua.

Kitambaa hakisaidii. Chembe ya Chlorella ina upana wa maikromita 2 hadi 10 na hupita kwenye nguo kama maji yenyewe. Spirulina, aina nyingine ya mwani ambayo wanawake wa Kanem karibu na ziwa Chad huivuna kwa vikapu na kitambaa na kuikausha iwe chakula kiitwacho dihé, huchujika kwa sababu ina umbo la uzi mrefu. Lakini spirulina ina protini nyingi na mafuta kidogo sana, kwa hiyo haifai kwa shughuli hii. Anayelima Chlorella atatumia mashine ya sentrifuji, ambayo hula umeme, au atatia chokaa mpaka maji yawe makali na mwani ugandamane na kuzama. Chokaa ni njia nafuu, na huku Katanga hatuikosi, ila hubaki ndani ya tope la mwani na kulisumbua zoezi la kukamua.

Kisha linakuja suala la kukausha. Tope lililovunwa vizuri lina asilimia 20 ya mwani na asilimia 80 ya maji. Kwa lita moja ya mafuta utakuwa na tope kilo 23, na ndani yake maji zaidi ya kilo 18. Kuyapasha na kuyageuza mvuke maji hayo kunahitaji nishati ya megajuli 48 hivi, hata kama jiko lako halipotezi joto lolote. Lita moja ya biodizeli ina megajuli 33. Kwa maneno mengine, atakayekausha kwa moto atachoma nishati nyingi kuliko atakayoipata, na kwa kuwa moto wetu ni makala, yaani mkaa, atakuwa amegeuza miti ya miombo kuwa mazutu kwa hasara. Njia pekee inayobaki ni jua la kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, juu ya mabati au turubai jeusi. Miezi ya mvua inabaki bila jibu. Zipo mbinu za kukamua mwani ukiwa bado na maji, kwa joto na shinikizo kubwa, lakini hizo ni za viwanda.

Hata waliokuwa na viwanda na fedha hawakufika. Kampuni ya ExxonMobil ilitangaza mwaka 2009 kwamba ingetumia hadi dola milioni 600 kwa utafiti wa mafuta ya mwani, na mwaka 2018 ilitaja lengo la kuweza kuzalisha mapipa 10,000 kwa siku ifikapo mwaka 2025. Mwanzoni mwa mwaka 2023 ilijulikana kwamba imejiondoa. Solazyme, iliyoanza na mafuta ya injini kisha ikageukia vyakula na vipodozi kwa jina la TerraVia, ilifilisika mwaka 2017. Siwataji hao ili kumcheka mtu. Wataalamu wao walijua kazi yao kutushinda sote. Nawataja kwa sababu kikwazo chao kikubwa, yaani gharama ya kukuza na kuvuna kitu chembamba ndani ya maji mengi, ndicho kitakachomkuta mwenye parseli ya njia ya Kipushi akiwa na ndoo na turubai.

Mawese

Mawese yana sifa ambayo mwani hauna: yanauzwa sokoni leo, yakiwa yamekwisha kukamuliwa. Kongo pia ina historia yake katika jambo hili, ambayo watu wachache wanaikumbuka. Hati ya haki ya ugunduzi inayohesabiwa kuwa ya kwanza kwa kitu tunachokiita leo biodizeli ilitolewa Ubelgiji tarehe 31 Agosti 1937 kwa Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels, na mwaka 1938 basi la abiria liliendeshwa kati ya Brussels na Louvain kwa mafuta yaliyotengenezwa kwa mawese. Chavanne alitumia ethanoli badala ya methanoli. Kabla msomaji hajafikiria lutuku, pombe kali ya kienyeji, nimweleze kwamba ethanoli ya kazi hii inapaswa kuwa kavu kabisa, zaidi ya asilimia 99, na maji yaliyo ndani ya lutuku yataigeuza karibu shehena yote kuwa sabuni.

Matatizo ya mawese kwetu ni mawili. Mchikichi haupendi kiangazi chetu kirefu, kwa hiyo mafuta husafiri kutoka Kasai na kaskazini ya Katanga ya zamani, na bei yake hubeba safari hiyo pamoja na ukweli kwamba ni mboga ya watu. Kipimo ni chepesi: siku hiyo hiyo uliza bei ya lita ya mawese na bei ya lita ya mazutu. Mawese yakiwa ghali zaidi, au hata yakilingana, acha. Bado hujalipia methanoli na soda. La pili ni baridi iliyokwisha kutajwa. Biodizeli ya mawese huanza kuwa na ukungu na kuganda kwenye nyuzi 13 hadi 16. Asubuhi ya Julai utalikuta tangi lina uji, na chujio limeziba. Inabidi kuichanganya na mazutu mengi, kwa mfano sehemu moja kwa nne au chini ya hapo, au kuipumzisha hadi Septemba.

Mafuta ya mwani yana kasoro iliyo kinyume. Mara nyingi hayagandi kirahisi, lakini yana asidi nyingi za mafuta zisizoshiba, ambazo huharibika upesi kwa hewa na kuacha gundi kwenye pampu ya injini. Kanuni ya Ulaya ya biodizeli, EN 14214, inaweka mpaka wa asilimia 1 kwa asidi zenye viungo maradufu vinne au zaidi, na mafuta ya aina nyingi za mwani huuvuka.

Mbono na alizeti nitavipita haraka. Mbono ulilimwa kwa kishindo Afrika Mashariki na Kusini miaka ya 2007 na 2008, na mashamba makubwa kama ya Kisarawe nchini Tanzania yaliachwa baada ya miaka michache. Mti huvumilia ukame, lakini katika ukame hauzai sana, na mashudu yake ni sumu. Alizeti inakubali mvua zetu, ila mwenye alizeti atapata fedha zaidi akiyauza mafuta kwa kupikia.

Mafuta yaliyokwisha kukaangia

Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa msagaji, pamoja na upungufu wake. Bidoni moja la lita 20 hutoa karibu lita 20 za biodizeli, ambazo ni saa 10 za kusaga. Bwawa la parseli nzima lingehitaji mwezi mmoja kufikia hapo.

Upungufu wake ni wingi. Mama anayekaanga mikate kando ya barabara hamwagi mafuta. Huyatumia hadi yaishe, na yanayobaki chini ya sufuria hayajai chupa. Wa kutafutwa ni wenye jikoni kubwa: hoteli za mjini, mikahawa ya chipsi na kuku, na zaidi kambi za migodi zinazopikia mamia ya wafanyakazi. Hao huyabadilisha mafuta kwa ratiba na hutafuta pa kuyatupa. Mapatano ya maandishi na jikoni mbili za namna hiyo yana thamani kuliko hekta ya mabwawa.

Mafuta yaliyotumika yana asidi huru, kwa hiyo lazima yapimwe kwanza. Mililita 1 ya mafuta huyeyushwa katika mililita 10 za alkoholi ya isopropili, kisha hudondoshewa maji ya soda kali ya gramu 1 kwa lita mpaka kiashiria kibadilike rangi. Kila mililita iliyotumika huongeza gramu 1 ya soda kwa lita ya mafuta, juu ya gramu 3.5 za msingi. Yakidai gramu nyingi kupita 5 au 6 za nyongeza, mimi huyakataa, kwa kuwa yatatoa sabuni. Methanoli huhitajika mililita 200 kwa lita, na hapa pana jambo la mwinuko: kwenye usawa wa bahari huchemka kwa nyuzi 65 hivi, lakini kwetu hushuka hadi karibu 61, kwa hiyo joto la kufanyia kazi lisizidi 55. Mvuke wake hushika moto, na ikinywewa hupofusha na kuua. Haifanyiwi kazi ndani ya nyumba wala mbele ya watoto, na haiwekwi kamwe kwenye chupa ya soda au ya bia.

Shehena ya kwanza itasafisha uchafu wa miaka yote ndani ya tangi na kuupeleka kwenye chujio. Nunua machujio mawili ya akiba kabla ya kuanza, na uibadilishe mipira ya zamani ya mafuta, kwa sababu biodizeli huilainisha.

Nani basi achimbe bwawa

Maabara ya chuo au ya shule ya ufundi inaweza kuulima mwani katika mifuko michache ya plastiki, kwa kuwa faida yake ni mafunzo, na lita haziulizwi. Mwenye mtambo mkubwa, aliye na moshi uliooshwa, joto linalopotea na wahandisi wa kuajiriwa, anaweza kujaribu mirija. Hata huyo nitamwomba aanze na mita za mraba 100 na apime mwaka mzima, Julai na Januari zikiwemo.

Mwingine ni mfugaji. Mwenye nguruwe ana maji machafu yanayonuka, yaliyojaa nitrojeni na fosforasi. Akiyapitisha kwenye shimo la kutuamia na kisha bwawa la kina kifupi, mwani huila mbolea hiyo bila kununuliwa yurea, na maji hutoka na harufu ndogo. Mwani huo una protini, mara nyingi asilimia 40 au zaidi ya uzito mkavu. Kuukamua gramu chache za mafuta na kuitupa protini hiyo ni sawa na kuchinja kuku kwa ajili ya manyoya. Akiweka tilapia katika bwawa linalofuata, tatizo lote la kuvuna linaondoka, kwani samaki huchuja chembe za kijani kutwa kwa matamvua yake bila sentrifuji, bila chokaa na bila makala. Kwetu si jambo geni, maana Kipopo, nje kidogo ya mji, utafiti wa kufuga samaki ulifanyika tangu enzi za ukoloni.

Niliwaeleza wazee wale haya yote kwa mpangilio huu huu. Papa aliyenijia na swali alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nguruwe sita wa shemeji yake wangetosha kwa bwawa la mita za mraba 60. Nilimwambia wangetosha, ila kwanza alete lita mbili za maji ya kisima chake tuziweke kwenye beseni, na samaki wa kwanza wapimwe shaba maabara kabla hawajafika mezani.